Meno ya Pumzi

Mtu akisema mbele yangu kwamba baba ana bahati, hapo ndipo tunapokosana. Bahati ni kuokota kitu njiani. Baba hakuokota chochote. Amepuliza saksafoni tangu ujana mpaka nywele zimekuwa nyeupe, ile kubwa yenye sauti nzito kidogo wanayoiita "tenor", wala si ile ndogo inayolia juu kama mtu anayedai haki yake. Na alichopuliza ni jazi, katika mji ambao watu wakiisikia wanaulizana, "Sasa wimbo wenyewe unaanza saa ngapi?" Aliwapigia hivyo hivyo mpaka wakazoea. Wako ambao hawajazoea hadi leo, na bado anawapigia.

Kazini anaitwa Pumzi. Jina hilo alipewa na mpiga tarumbeta wa bendi yao, rafiki yake wa siku zote, ambaye mimi namwita baba mdogo ingawa hatuna hata tone moja la damu ya pamoja. Baba mdogo ni mrefu na mwembamba, akisimama karibu na mlingoti wa maikrofoni unaweza ukasalimia mlingoti, ndiyo maana wenzake wanamwita Sindano. Yeye ndiye aliyesema kwamba Pumzi akishika noti moja, unaweza kwenda kunywa chai, ukarudi, ukamkuta bado yuko palepale. Kutia chumvi ni kazi ya pili ya wapiga tarumbeta. Lakini jina lilishika.

Nilikua nikiuvaa muziki huo. Tulikuwa na vyumba viwili na jirani mwenye usingizi mwepesi, kwa hiyo baba alifanyia mazoezi kabatini. Sitoi mfano. Alifungua kabati la nguo, akaingia yeye na saksafoni yake katikati ya magauni ya mama, akavuta milango mpaka ikambana mabega, akapuliza humo humo. Sauti ilizama kwenye vitambaa na jirani akalala. Mama akivaa gauni la kutokea, lilikuwa linanuka mafuta ya saksafoni. "Wenzangu wanajipulizia manukato," alisema, "mimi nimepuliziwa jazi." Siku baba alipotaja kununua kabati kubwa zaidi, mama alimwuliza kama ni la nguo au anataka kupangisha.

Saksafoni zenyewe zilibadilika. Ya kwanza ilikuwa mali ya bendi, kila baada ya onyesho inarudi stoo, na baba akija nyumbani mikono mitupu alifanya mazoezi ya vidole juu ya meza ya chakula. Zikaja nyingine. Moja iliibwa, moja ilipondwa na mlango wa gari. Kitu kimoja tu hakikubadilika, nacho ni kidomo, kile kipande cheusi cha mpira mgumu kinachoingia kinywani. Chini yake unafungwa ulimi wa tete, na huo ulimi ndio unaotetemeka ukatoa sauti. Mdomo wa chini unaubana, na meno ya juu yanakaa juu ya kidomo. Baba alikipata hicho cha kwake akiwa kijana, na hajawahi kutia kingine kinywani. Bendi zimevunjika, kumbi zimegeuzwa maghala, kidomo ni kile kile. Anakifunga kwenye kitambaa na kukiweka mfuko wa shati, hata akienda kuzika.

Sasa njoo kwenye meno. Baba alianguka na baiskeli akiwa mtoto, na meno ya mbele ya juu yakashikana vibaya: moja lilirudi nyuma, mwenzake akampanda begani, na huyo aliyepanda akavunjika pembe. Shuleni walinitania kwamba baba yangu ana meno yaliyogombana. Nilipigana na wawili. Baba mwenyewe alijifunza kucheka bila kufungua kinywa. Katika picha zote tulizo nazo, ya harusi, za bendi, ya mimi nikimaliza chuo, amefunga midomo kama mtu aliyebeba maji. Wapiga picha nao walimsaidia: "Mzee, funga kidogo." Alifunga.

Lakini kilichonichoma zaidi ni santuri. Baba amepiga kwenye santuri nyingi za watu. Waimbaji wakubwa walimwita awapambie nyimbo zao, na pale ambapo wasikilizaji hufumba macho na kusema "aah," pale ni yeye. Nilipojua kusoma tu, nikaanza kugeuza majalada. Mwimbaji, jina lake. Gitaa, jina lake. Kinanda, jina lake. Kisha mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: "na wengine."

"Baba, wewe uko wapi?" nilimwuliza.

Akaweka kidole juu ya neno hilo. "Hapa, mwanangu. Nimejaa tele."

Nililia kwa hasira. Mama anasema hasira nilizaliwa nazo, kwamba hata tumboni nilikuwa ninapiga mateke kwa mpangilio.

Nikawa fundi wa meno ya bandia. Nafanya kazi kwenye karakana ndogo nyuma ya kliniki: dirisha moja, meza ya bati, taa ya spiriti ya kuyeyushia nta, mashine ya kusugulia inayolia kama nyigu kwenye kopo, na rafu iliyojaa taya za plasta zinazomcheka kila anayeingia. Daktari anachukua umbo la kinywa cha mgonjwa, mimi namimina plasta, napanga meno kwenye nta, kisha nta nageuza kuwa plastiki ya rangi ya ufizi. Nina mkono mzuri. Nalazimika kusema mwenyewe, kwa sababu wanaovaa kazi yangu hawawezi kunisifu hadharani.

Basi mwaka jana mwenye studio moja akaja nyumbani, akavua kofia, akasema anataka kurekodi santuri ya Pumzi. Nyimbo alizotunga Pumzi mwenyewe, bendi yake mwenyewe, jina lake juu ya jalada. Itarekodiwa ukumbini mbele ya watu, mara moja, bila kurudia. Baba alimkaribisha chai, akamsikiliza, akamshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alikaa kitini na kuangalia mikono yake. Mama akaenda kwa fundi cherehani kushona gauni jipya, na akaapa kwamba hilo halitaingia kabatini mpaka siku yenyewe ipite.

Kumbe baba alikuwa na siri. Mficha maradhi kilio humuumbua, na yeye alikuwa ameficha kwa miaka. Fizi zake zilikuwa zimelegea. Yale meno manne ya mbele yalikuwa yameachana na kutembea, yanacheza kama vigingi kwenye mchanga. Akiuma kidomo yalirudi mahali pake, akiachia yalitoka tena. Mtoto wake ni fundi wa meno, na hakumwambia. Nikifikiria hilo hadi leo natamani kumfokea.

Siri ilitoka kwenye mazoezi, alasiri moja nilipokwenda kuwasikiliza. Baba alikuwa katikati ya solo, amefumba macho. Nikasikia kitu kidogo kikigonga sakafu ya mbao. Lilikuwa jino, lile lililovunjika pembe. Baba hakusimama. Aliendelea na solo yake mpaka mwisho, damu ikimtoka kwenye kona ya mdomo, ndipo akateremsha saksafoni. Baba mdogo Sindano akainama, akaliokota, akalifunga kwenye leso na kulitia kwenye mkoba wa tarumbeta.

"Umedondosha noti," akamwambia.

Baba alicheka wa kwanza, na kwa mara ya kwanza nikamwona amecheka kinywa wazi, kwa kuwa alisahau.

Daktari wetu ni mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Alimchunguza, akasema manne yote hayashikiki. Akachukua umbo la kinywa kwanza, halafu akayatoa matatu yaliyobaki. Kisha akaniita pembeni. "Kabla hujapanga meno, mlete na hicho kidude chake. Tuone anakiumaje."

Nikasema ndiyo, daktari. Sikumleta. Nilikuwa na mpango wangu.

Nilimimina plasta, nikatazama yale meno yaliyosambaa kila moja na njia yake, nikasema haya si meno, ni ugomvi. Nikaiweka plasta kando. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa sana, hata kama kwa kunong'onezwa. Nilitaka baba yangu asimame mbele ya ule ukumbi na meno ya mfalme. Nikachagua rangi inayolingana na umri wake, nikayapanga manne sawasawa, bega kwa bega, hakuna aliyempanda mwenzake. Nikatengeneza vishikio vya waya vya kukumbatia magego ili bamba linalobeba meno lisicheze hata akipuliza kwa nguvu. Nilisugua mpaka nikajiona ndani yake. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kuliko kile.

Baba alijitazama kwenye kioo, akafungua kinywa, akafunga, akafungua tena. Kisha akacheka akijiangalia. Mama akaacha alichokuwa anafanya, akamzunguka kama mtu anayekagua kabati dukani.

"Jamani, mume wangu yuko wapi?" akasema. "Huyu kijana ametokea wapi?"

"Mume wako amesafiri," baba akajibu.

"Basi asiharakishe kurudi."

Nilikaa pale nikajiona nimefika. Mama aliona haya, mama yangu huyu, akaenda jikoni akiimba. Na baba akaenda kabatini. Siku hizi wana nyumba yenye nafasi na jirani aliyekuwa na usingizi mwepesi alishahama, lakini akitaka kujisikiliza vizuri bado anaingia kule. Nikasikia anavuta milango. Nikasikia anapuliza.

Sauti ilitoka safi. Hapo ndipo nilipoingiwa na baridi. Sauti ya baba inaanza na mkwaruzo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo la kweli, halafu inafunguka. Hata ndani ya santuri ya mwimbaji mwingine, hata jina lake halipo, ukisikia ule mkwaruzo unajua nani amefika. Hii ilianza wazi ikaisha wazi. Angeweza kuwa mtu yeyote aliyejifunza vizuri. Nikajiambia meno ni mapya, atayazoea.

Akatoka kabatini akaniwekea mkono kichwani. "Mazuri sana, mama. Hayachezi hata kidogo."

Baba akiniita mama ujue ananipenda, au ananificha kitu. Siku ile vilikuwa vyote viwili.

Wiki moja kabla ya onyesho, baba mdogo Sindano alikuja karakana. Hakuwa amewahi kufika pale; anaogopa mashine. Alisimama mlangoni akitazama taya za plasta kwa wasiwasi.

"Karibu, baba mdogo. Jino?"

"Jino silo langu." Akashusha sauti. "Baba yako amesema solo zote nipige mimi, kwa tarumbeta. Yeye atacheza mwanzo wa wimbo na mwisho wa wimbo, basi."

"Kwa nini?"

"Anasema pumzi imemwishia. Nimesimama kushoto kwake umri wangu wote, mimi namjua. Pumzi anayo. Tatizo ni kwamba hakiumi kidomo pale alipozoea. Anatafuta mahali pake hapaoni. Anashtuka kila noti."

"Alikukataza kuniambia?"

"Aliniapisha."

"Sasa?"

"Nitatubu," akasema. Kisha akaondoka kabla sijawasha mashine.

Nilipandwa na mori, na nilijua wa kumkasirikia ni nani, ila nilianza na yule mwingine. Nilimkuta baba mezani, anaparuza ulimi wa tete kwa wembe, taratibu, akiuinua kwenye mwanga wa dirisha kuona unene wake. Meno yangu mazuri yalikuwa kinywani mwake.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba nimekuulia sauti."

"Usiseme hivyo."

"Ni kweli au si kweli?"

Akaweka wembe chini. "Sikiliza. Nimepuliza kwa watu wote wale ili wewe usome. Umesoma. Umekaa chini, umenitengenezea meno kwa mikono yako. Mama yako ananitazama kama siku ile ya kwanza. Halafu nije nikuambie hayafai? Santuri ni plastiki tu, mwanangu."

"Na meno ni plastiki pia."

Mimi nilikaa kwenye kiti cha pili na nikalia, sioni haya kusema. Nilimpenda mpaka kifua kikauma, na papo hapo nilitaka kumtingisha. Mtu amekaa maisha yake yote kwenye neno "wengine", sasa ametengewa santuri yake mwenyewe, na yuko tayari kurudi kwenye neno lile lile ili mimi nisione haya.

"Sikubali," nikasema. "Hutakuwa wengine kwenye santuri yako. Lete kidomo."

"Ukifanye nini?"

"Baba, lete."

Alisita, kwa sababu kidomo kile hakijawahi kushikwa na mtu mwingine. Kisha akakitoa mfukoni, akakifungua kwenye kitambaa, akanipa.

Nilikipeleka dirishani. Juu yake, pale meno ya juu yanapokaa, palikuwa na alama mbili zilizochimbika kwenye mpira mgumu. Ya kushoto ilikuwa nyembamba na yenye kina, imeingia ndani zaidi: hilo ni lile jino lililorudi nyuma. Ya kulia ilikuwa pana na ya juujuu, na ubavuni mwake ulikuwepo mchubuko wa mshazari, pale pembe iliyovunjika ilipokuwa inakwangua. Kazi yote ya baba ilikuwa imeandikwa pale, kwa upana usiofika ukucha. Na haikuwa imeandikwa mahali pengine. Picha zote alifunga mdomo. Plasta niliyokuwa nayo ilionyesha meno yakiwa yameshaachana, yanayumba. Ni kidomo peke yake kilichojua meno yale yalivyosimama siku za nguvu zake.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea daktari, nikamweleza yote, nikisubiri kupewa makavu yangu.

"Nilikwambia umlete na kidude chake," akasema.

"Uliniambia."

"Haya. Washa taa."

Baba mdogo Sindano akaleta leso yake. Lile jino nililisafisha, nikaligeuza, nikaliweka juu ya ile alama ya kulia. Lilikaa. Ile pembe iliyovunjika iliingia kwenye ule mchubuko wa mshazari kama ufunguo wa nyumba yetu. Daktari alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Nikachonga la plastiki nikifuata lile jino, na pembe yake iliyokatika. Lingine nikaliinamisha nyuma mpaka likaingia kwenye shimo lake jembamba. Kuvunja ile kazi yangu nzuri kuliuma, nisikudanganye. Niliyatoa yale meno ya mfalme moja moja kwenye bamba lake, na kila moja lilitoka kwa sauti ndogo.

Kisha ikaja kazi ambayo haijawahi kuonekana kliniki pale. Baba alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, saksafoni imening'inia shingoni, bamba la nta kinywani. Anapuliza noti moja. Natoa bamba, napasha nta, nasogeza jino kiasi cha unywele, narudisha. Anapuliza. Anatikisa kichwa. Natoa. Huko chumba cha kusubiria, mgonjwa mmoja aliinuka akamwambia karani kwamba yeye alikuja kung'oa jino, harusi hakualikwa. Mwingine alimwambia akae chini, tunasikiliza.

Jua lilikuwa limeshahama dirisha nilipolisogeza lile la kushoto mara ya mwisho, nyuma kidogo tu. Baba aliuma kidomo. Nikamwona mabega yanashuka, kama mtu aliyeingia kwake na kuvua viatu. Akapuliza.

Mkwaruzo ukaja. Ukasafisha koo, ukafunguka, ukajaza chumba mpaka vikombe vya chuma vikalia kwenye trei. Baba alifumba macho na hakuacha noti ile. Aliishikilia, na machozi yakamtoka huku anapuliza. Mimi nilishika ukingo wa sinki. Baba yangu huyu, nilisema moyoni, baba yangu huyu.

Jioni tulikwenda nyumbani na meno yaliyokwisha kugeuzwa plastiki. Hapo nilikuwa na woga wangu mwingine, kwa sababu mama alikuwa ameshazoea kijana wake. Baba alisimama katikati ya chumba, akafungua kinywa bila kusema kitu. Mama akakunja mikono. Akamzunguka tena, polepole.

"Huyu namjua," akasema. Akarudi kwenye sufuria zake. Kutoka jikoni akaongeza, "Yule mwingine hata jina langu alikuwa halijui vizuri."

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye milango. Mama alikaa mstari wa mbele na gauni lake ambalo halijawahi kusikia muziki. Mwenye studio alikuwa nyuma ya vioo na mitambo yake, ameinua kidole. Baba alianza bila hotuba. Nimemsikia maisha yangu yote, kabatini, ukutani, kwenye santuri za watu, lakini siku ile alipiga kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga mwenyewe, chumba kwa chumba, bila haraka. Solo zake alizipiga zote. Kuna mahali alishuka chini kabisa, sauti ikawa nusu hewa nusu saksafoni, na wale wa milangoni wakasogea mbele bila kujijua. Usione vyaelea, vimeundwa, na mimi nilijua vimeundwa wapi: kati ya magauni, juu ya meza ya chakula, kwenye neno "wengine". Nilijivuna mpaka nikaona kiti changu kidogo.

Wimbo wa mwisho alifika kwenye noti ya mwisho akaishika. Bendi ikanyamaza, yeye bado. Baba mdogo Sindano akamtazama, akaweka tarumbeta kitini, akatoka jukwaani. Watu wakashangaa. Akarudi na kikombe cha chai mkononi, akasimama mahali pake, akanywa funda moja, akaitazama saa ya ukutani. Pumzi alikuwa bado yuko palepale. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko na makofi, na hivyo vyote vimo kwenye santuri. Ukisikiliza vizuri unasikia mpaka kikombe kinavyowekwa kwenye sahani.

Mpiga picha wa jalada alikuwa akisubiri nyuma ya pazia. Alimsimamisha baba, akamwekea saksafoni sawa, akarudi nyuma ya kamera. "Vizuri, Mzee. Sasa funga kidogo mdomo."

"Haya meno ametengeneza binti yangu," baba akasema. "Piga hivyo hivyo." Akacheka, yote manne nje, moja limerudi nyuma, moja limepanda, pembe imevunjika. Ndiyo picha iliyotoka.

Santuri zilipoletwa nyumbani, baba alinikabidhi ya kwanza. Nilitazama mbele nikatazama sana. Jina lake ni kubwa kuliko saksafoni.

"Geuza," akasema.

Niligeuza. Saksafoni, jina lake. Tarumbeta, jina la baba mdogo, lile halisi ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Besi, jina. Kinanda, jina. Drams, jina. Hata aliyebeba vyombo ana jina lake. Nilitafuta "na wengine" sikuiona. Mahali inapokaa siku zote palikuwa na mstari mmoja. Ulisema: "Meno," kisha jina langu lote, mpaka la ukoo.

Nilidhani sijasoma vizuri. Baba akainama, akaweka kidole chake pale, kama zamani.

"Hapa, mwanangu," akasema.

Mama alitaka kujua kwa nini mwenye kabati hakutajwa, na wakabishana hilo mpaka chai ikapoa. Mimi sikuwa ninawasikia. Santuri ile niliipeleka karakana, nikaitundika ukutani juu ya meza yangu, juu ya zile taya zote za plasta. Kila anayeingia ananiambia nimeitundika kinyume, picha imetazama ukuta. Namwambia ndivyo inavyotakiwa kukaa, asogee asome.